Hodi ya Themanini na Tano

Pampu ya mwisho, kona ya Barabara ya Abriendo,
vitufe vitatu: themanini na tano, themanini na saba, tisini na moja.
Watu wa Pueblo hubonyeza cha kwanza bila kutazama.
Hewa huku nyepesi, wanasema, mji uko juu,
baba alitia hiyo, babu alitia hiyo,
na malori yao yangali yakikohoa hadi kiwandani na kurudi.

Ni kweli, kwa lori la babu.
Gari la Leandro lina tabo,
na tabo haijali habari za milima:
huikamata hewa nyepesi, huishindilia,
hata ndani ya silinda pakawa kama pwani, kupita pwani.

Okteni si nguvu. Nimelisema hili mpaka ulimi umeota sugu.
Petroli ya bei haina moto kuliko ile ya bei poa.
Ina subira tu.
Inabanwa, inachemka, inasongwa ukutani,
na bado inangoja cheche iite.
Ile nyingine haingoji.
Hulipuka pembeni, peke yake, pistoni ingali inapanda,
mioto miwili ikakutana uso kwa uso:
ngo.

Kwetu Tanga mtu akibisha hodi mara tatu
asipoitikiwa hugeuza visigino akaenda zake.
Hodi hii haiondoki.
Ngo, ngo, ngo, kila mwinuko,
kwenye nyumba ya alumini isiyo na mlango wa uani.

Leandro Archuleta alikuja Ijumaa ya mwisho ya Oktoba,
saa kumi na moja kasoro, nimeshavua ovaroli mkono mmoja.
"Nikikanyaga mafuta kwenye gia ya nne," akaanza, "kuna kitu kama..."
"Vali," nikasema. "Baridi hiyo. Ikipata joto itanyamaza."
Kama nini? Kokoto kwenye kopo? Njugu kikaangoni?
Sikumwacha afike huko.

Januari likaletwa juu ya winchi,
mafuta ya injini yametapikwa hadi kioo cha nyuma.
Nikafungua kichwa. Silinda ya tatu:
pistoni imemeguka ukingoni, kati ya ringi na ringi,
kipande kidogo kama ukucha wa mtoto,
na plagi imetapakaa chembe zinazong'aa, mithili ya chumvi.
Nikakiweka kiganjani mwake.
Alikuja na risiti zake zote ndani ya bahasha, kijana nadhifu,
akiba ya dola tisa kila tangi.
Akaanza kujumlisha. Akaacha.
"Kosa langu," akasema. "Niliwasikiliza watu wa kazini."

Hapo fundi yeyote angenyamaza.
Bwana Pruitt, mwenye gereji, alikuwa dirishani na kalamu yake.
Nikasema, "Ulinieleza Oktoba."
Nikasema, "Sikungoja."

Bili ikatoka na vipuri tu. Ufundi: sufuri.
Pruitt akauliza kama nina wazimu. Kidogo, nikamwambia,
nikazilipa saa zake kwa Jumapili nne,
spana baridi hata inanata kwenye ngozi,
redio ya jirani ikihubiri Kihispania.

Machi. Theluji imebaki chini ya uzio tu, nyeusi kwa masizi.
Leandro anabonyeza tisini na moja,
ananuna akiona tarakimu zinavyokimbia.
Tunapanda njia ya Beulah. Gia ya nne. Anakanyaga.
Nimeegemeza fuvu langu kwenye nguzo ya mlango, huko sauti husafiri vizuri.
Hakuna anayebisha.

"Kuna jambo nilitaka kukuuliza," anasema,
kisha kona,
kisha trela la ng'ombe mbele yetu, mikia kwenye matundu,
kisha kilomita nzima ya kimya.
Jibu limeshanijaa mdomoni, na swali silijui.
Nauma ulimi.
Nangoja.